Mjadala: Visiwa vinavyoelea Ziwa Victoria, tupime vinasaba (DNA) au tufuate upepo?

Hoja (Entebbe): Aprili 2020 kisiwa cha mimea kiliziba mitambo ya umeme pale Jinja, nchi nzima ikakaa gizani. Kuna wanaoshikilia kwamba mimea hii inaletwa na Mto Kagera, unaotokea upande wa Rwanda na Burundi, kwa hiyo majirani wachangie gharama ya kuiondoa. Wengine wanasema inang'oka kwenye ghuba zetu wenyewe. Baharini, vinasaba vya Mnemiopsis, kiumbe anayefanana na konyeza, vilionyesha kuwa waliovamia Bahari Nyeusi walitoka upande wa Ghuba ya Mexico, na wale wa Bahari ya Baltiki walitoka pwani ya kaskazini-mashariki ya Marekani. Je, Uganda nayo ilipie kipimo cha namna hiyo?

Kampala: Kwa gugu maji, hapana. Linazaana zaidi kwa machipukizi, na nje ya Amerika Kusini kloni moja, yaani mimea yenye vinasaba vile vile, ndiyo imetawala karibu kila mahali. Chukua jani mdomoni mwa Kagera na jingine Murchison Bay, ghuba ya karibu na Kampala, maabara inaweza kukupa jibu lile lile kwa yote mawili. Gugu la Kariba, mmea mwingine unaoelea ulioingia Ziwa Kyoga, ndilo gumu zaidi kujua lilikotoka, kwa kuwa ni tasa kabisa. Mnemiopsis huzaana kwa mayai, ndiyo maana kila kundi lina mchanganyiko wake.

Jinja: Hapo sawa, ndugu, ila umesahau mafunjo. Visiwa hivi haviundwi na gugu tupu; mizizi ya mafunjo ndiyo inayovishikilia, na mafunjo yana mbegu, kwa hiyo vinasaba vyake vinaweza kutofautiana kati ya kinamasi na kinamasi. Kata kipande cha jani au cha ngozi ya bua, sentimita 3 hivi, ukitie mara moja kwenye silika jeli (chembe za kunyonya unyevu) yenye uzito mara 10 ya sampuli. Ukikifunga kibichi kwenye kaveera (mfuko wa plastiki) kinaoza, na vinasaba vinakatikakatika. Chukua mashina 25 hadi 30 kwa kila kinamasi, yaachane mita 20 au zaidi, maana mzizi mmoja hutambaa na unaweza kupima mmea ule ule mara tano ukidhani ni mitano. Anzia vinamasi vya Sango Bay, Katonga, Mabamba, Murchison Bay na Napoleon Gulf.

Masaka: Na kinamasi ambacho hukukipima? Programu ya kompyuta ya kulinganisha vinasaba huchagua kutoka kwenye orodha uliyoipa. Kisiwa kikitoka kwingine, kitabandikwa jina la kinamasi kinachofanana nacho kidogo, na kesho mwanasiasa atakisoma kama ushahidi dhidi ya Rwanda. Lazima mchambuzi aruhusu jibu la "hakuna".

Halafu tupige hesabu ya upepo. Vitu vinavyoelea husukumwa kwa kama asilimia 1 hadi 3 ya kasi ya upepo, juu ya mkondo wenyewe. Upepo wa mita 5 kwa sekunde, kwa asilimia 2, ni kilomita 8.6 kwa siku. Kutoka mdomo wa Kagera hadi Jinja ni kama kilomita 220 kwa mstari ulionyooka, yaani siku 25 za upepo usiogeuka, na katikati ya njia vimekaa visiwa vya Ssese. Upepo wa ziwa hugeuka mchana na usiku. Ule wa kusini-mashariki, wa Juni hadi Agosti, unasukuma kuelekea Kalangala na kwetu Masaka. Kwangu mimi Kagera ni mshukiwa dhaifu kwa yanayotokea Jinja. Mei 2020 ziwa lilipanda hadi mita 13.42 kwenye kipimo cha Jinja. Maji yakipanda hivyo, mafunjo yaliyokatwakatwa pembeni kwa ajili ya mashamba hunyanyuka na kuachia.

Kampala: Basi tuweke vifaa vya GPS juu ya visiwa na kufuata picha za satelaiti. Ni rahisi kuliko maabara.

Jinja: Vifaa vinakuonyesha kinakokwenda kile ulichokiona kikianza. Kilichofika usiku bila kuonwa, kimebaki na majani yake tu. Nataka yote mawili, na kwanza agizo moja dogo: kisiwa kikifika bwawani, mtu apande achukue mashina 10 kutoka pande zote kabla ekskaveta haijakivunja.

Masaka: Hilo naliunga mkono, mradi sampuli za vinamasi zikusanywe kabla mvua za Machi hazijaanza.