Wandugu naomba shauri, nimueleze aje mdogo wangu habari ya neema?

Bwana asifiwe wandugu, niko Goma, mdogo wangu anashusha viazi na chukudu, ile kinga ya mbao ya kubeba mizigo, toka Kibumba, jana akakaa pembeni yangu goti moja imejaa vumbi nyeusi akauliza, yaya (ndiye mimi mkubwa wake), Yesu alikufa juu ya nini na mi nilikuwa sijazaliwa? Nikamusomea Warumi 5:8, kwamba Kristo alikufa tungali wenye zambi, na Efeso 2:8, wokovu ni zawadi, akasema zawadi ya bure haiko, kila kitu ni deni. Anazani Mungu anangoja kwanza aache pombe. Inaniumiza sana, juu anapokelewa vile alivyo, kuacha kunakuja nyuma. Ku habari ya kaburi wazi, vile Yesu alifufuka, hata sijafika. Nianzie ku msalaba ao ku ufufuko? Jumapili anarudi.