Hesabu za sehemu Kidato cha Kwanza: tusimamishe mada turudie, au tusonge mbele?

Mwalimu wa Pongwe: Wadau wa Tanga, naomba mawazo. Nafundisha hesabu Kidato cha Kwanza. Nimewapa 1/2 + 1/3, kila daftari ninalofungua nakuta 2/5. Wamejumlisha juu kwa juu, chini kwa chini, wala hawashtuki kwamba 2/5 haifiki hata ile nusu waliyoanza nayo. Msimamo wangu: mada zisubiri, turudi kwenye mstari wa namba mwezi mzima. Aljebra inakuja, na bila sehemu hawatoki. Ningewachukua jioni, ila saa kumi wote wako madrasa, muda wa hesabu unaliwa huko.

Ustadhi, Ngamiani: Mwalimu, ulianza vizuri ukaharibu mwishoni. Mtoto unaye tangu asubuhi, sisi tunampata saa moja na nusu, halafu sisi ndio tumekula muda?

Mzazi Makorora: Mimi niulize jingine. Huyo mtoto alifauluje darasa la saba kama sehemu hazijui? Walimu wa msingi mpo humu?

Mwl. msingi, Mabawa: Tupo, na tumechoka kusingiziwa. Darasa limejaa, mtihani wenyewe kwa sehemu kubwa ni kuchagua jibu. Na tatizo hili si la Tanga peke yake. Marekani mwaka 1978 watoto wa miaka 13 waliulizwa 12/13 + 7/8 inakaribia ngapi: 1, 2, 19 au 21. Waliopata 2 ni asilimia 24 tu. Kila sehemu pale inakaribia moja, lakini wengi walikimbilia 19 (12 + 7) na 21 (13 + 8).

Mzazi Makorora: Ya Marekani tuachie. Nimeuliza ya Mabawa.

Ustadhi, Ngamiani: Bado sijajibiwa. Mwalimu anajua kwamba mirathi yote ni sehemu? Nusu, robo, thumni (1/8), theluthi mbili, theluthi, sudusi (1/6). Marehemu kaacha mke, mama na watoto wa kiume: mke thumni, mama sudusi. Jumlisha: 3/24 na 4/24, ni 7/24. Watoto wanabaki na 17/24. Sasa fanya kwa mtindo wa wanafunzi wako: 1/8 + 1/6 iwe 2/14, yaani 1/7. Mke na mama kwa pamoja wamepata pungufu ya sudusi ya mama peke yake! Hapo mtoto ataona mwenyewe kwamba kuna mtu kadhulumiwa.

Mwalimu wa Pongwe: Ustadhi, madrasa sikuitukana, nilisema saa. Lakini huo mfano nauchukua leo hii. Hicho ndicho wanachokosa: kulitazama jibu na kuliuliza linawezekana au haliwezekani. Kanuni ya kulinganisha asili, zile namba za chini, wamekariri, wakitoka nje ya mlango imekwisha.

Bint Chumbageni: Na watoto wasio Waislamu darasani? Wao watagawa mirathi ya nani? Tumieni vipimo vya pishi na vibaba, kila nyumba inapika wali.

Ustadhi, Ngamiani: Dada, kibaba ni robo ya pishi, kisaga ni nusu. Ukitaka thumni na sudusi humo utazipata wapi?

Bint Chumbageni: Nusu kibaba ni thumni ya pishi, Ustadhi. Usiwe mkali.

Mwl. msingi, Mabawa: Mnabishania vyombo. Mwezi mzima bila mada, mkaguzi akija mtamwambia nini? Wekeni Jumamosi.

Mwalimu wa Pongwe: Jumamosi niko tayari, bila malipo.

Mama Mgandini: Jumamosi ya nani? Wangu Jumamosi yuko na mimi sokoni, ndiko linakotoka daftari lake. Leo bila malipo, mwezi ujao tutasikia mchango wa karatasi, kisha ikawa twisheni, na asiyetoa anasimama nje. Yalishanikuta kwa mtoto wa kwanza, jina la shule silitaji. Mwalimu, kama sehemu ni muhimu hivyo, mfundishe Jumatatu.