Bembea ya bibi harusi wa Kigujarati: maua mabichi, maua ya bandia au vitambaa?

MpambajiUpanga (Dar es Salaam)
Habari zenu wapambaji. Nimepata kazi ya familia ya Kigujarati hapa Upanga. Wanataka bembea moja itumike siku mbili mfululizo. Siku ya kwanza asubuhi ni pithi, yaani kumpaka bibi harusi manjano. Kesho yake jioni ni hina. Shughuli zote ni uani, chini ya turubai. Bembea wanayo, ni ya bibi yao: mbao nzito yenye rangi ya maroni na nakshi za dhahabu, minyororo ya shaba yenye tausi na tembo wadogo. Ni nzuri mno. Ila zamani ilining'inia kwenye boriti za nyumba ya kale, sasa haina fremu.

Mama anataka merigoldi na asumini mabichi. Binti anataka vitambaa vya waridi na kijani. Mimi nilikuwa nafikiria maua ya bandia kutoka Kariakoo, kwa sababu ya joto letu hili. Aliyefanya kazi ya namna hii anisaidie kupima: kipi kinastahimili, kipi kinapendeza, na kipi kinaheshimu mila ya wenyewe?

BintiMvita (Mombasa)
Shoga, merigoldi na asumini usiziweke kapu moja, hazina tabia moja. Merigoldi ni ngumu. Ukiitunga jioni ukaifunika kwa kitambaa chenye unyevu, asubuhi iko imara na inamaliza siku nzima. Usiifunge kwenye mfuko wa plastiki, inatoa jasho na kuoza katikati. Asumini inachumwa ingali matumba na inafunguka jioni, hapo ndipo harufu inapokuja. Ukiipachika asubuhi ya pithi, ikifika adhuhuri imeshageuka rangi kama chai. Kwa hiyo siku ya pithi ni merigoldi peke yake, asumini ingoje jioni ya hina. Watungaji wa vikuba wanaijua kazi hiyo vizuri, wape oda mapema.

DodomaDekor
Mimi nasimama na maua ya bandia. Nayafua, nayakausha, yanarudi kazini. Mvua ikinyesha hayaharibiki, na siamki usiku wa manane kutunga. Picha zikipigwa kwa umbali hakuna anayejua.

NgaraMgujarati (Nairobi)
Nimeolewa kwa harusi ya namna hii na dada zangu pia, kwa hiyo niseme kutoka ndani ya nyumba.

Dada Mpambaji, kabla ya maua mfikirie bibi harusi mwenyewe. Siku ya hina hana mikono. Amechorwa mpaka viwikoni, na miguu pia imechorwa, na hina lazima ikae saa nyingi bila kuguswa ili ikolee. Hawezi kushika mnyororo. Hawezi hata kujirekebishia mtandio. Bembea isiyo na egemeo ni mateso kwake. Weka mito mikubwa mgongoni na pembeni, kigoda cha kuwekea miguu, na kamba ya kuifunga bembea kwa nyuma isitikisike wakati mchoraji yuko kazini. Halafu kuanzia kwenye kiti mpaka juu ya bega, upande wa ndani, usining'inize kitu chochote. Niliona shada moja tu likiyumba na kufuta ua zima la hina mbichi kwenye mkono wa dada yangu, na ikabidi mchoraji aanze upya.

Siku ya pithi mambo ni mengine. Kwa mila yetu bibi harusi anapopakwa manjano hukaa kwenye bajoth, kigoda kifupi cha mbao, siyo kwenye bembea. Bembea ni ya kuimbiwa na kupiga picha baadaye. Waulize wenyewe, maana siku hizi wengine wanapakana hapo hapo. Kama ni hivyo, shifoni nyeupe isikaribie kabisa. Manjano ikishika kitambaa haitoki. Tumia kitambaa ambacho tayari ni cha njano, na juu ya kiti tandika shuka la pamba la kuukuu.

Kuhusu maua ya bandia: kwenye minyororo hakuna mzee atakayekukataza. Lakini shughuli zetu huanza kwa kumkaribisha Ganesh, mungu wa Kihindu mwenye kichwa cha tembo, na pale kwenye sanamu yake huwekwa maua mabichi tu. Tenga hayo kabisa.

MkaziWaAhmedabad (Tanzania, naishi Gujarat)
Ulinganisho wa bei unageuka kutegemea mahali ulipo. Huku harusi husimama kuanzia katikati ya Desemba hadi Uttarayan, sikukuu ya kurusha tiara, tarehe 14 Januari. Baada ya hapo ndoa zinafululiza, na kwenye soko la maua la Jamalpur merigoldi inapimwa kwa kilo kutoka kwenye malundo yanayofika magotini. Kwa hiyo mwenye kipato kidogo hapa anapamba kwa maua mabichi, na vitambaa vya bandhani, vile vya kufungwa vifundo na kutiwa rangi, ndivyo vinavyomtoboa mfuko. Huko kwenu ni kinyume. Usinunue merigoldi kwa kubahatisha. Waombe familia wakukutanishe na anayewatungia mashada ya hekaluni.

Lakini kuna jambo kubwa zaidi. Ulivyoieleza hiyo bembea, maroni na dhahabu, inanukia Sankheda, mji mdogo karibu na Vadodara unaojulikana kwa samani za mtiki zinazopakwa lakiri. Kama ni yenyewe, tafadhali usiifunike. Watu huku wanazirithishana. Pamba minyororo na ukingo wa mbele tu, mbao ionekane. Na usiweke selotepu wala gundi ya moto juu yake, inang'oa nakshi.

FundiChuma (Temeke)
Mimi ni fundi wa kuchomelea, nimetengeneza fremu za bembea za ukumbini. Bembea ya harusi haikaliwi na mtu mmoja. Bibi harusi akishakaa, mama anaingia, shangazi anaingia, watoto wanapanda. Piga hesabu ya watu wazima wanne wa kilo 80, hiyo ni kilo 320, na bado mbao ya mtiki yenyewe, na mtu akisukuma mzigo unazidi. Fremu iwe ya kubeba mara mbili ya hapo. Miguu itanuke pande zote mbili kama herufi A, na chini ya kila mguu kuwe na bamba, maana uani ni mchanga. Kulabu ziwe za kufungwa kwa skrubu, zile za S zilizo wazi zinachomoka. Nguzo za turubai hazibebi bembea. Dari ya jipsam ndiyo usiiangalie kabisa.

MuuguziChennai
Niongeze la kusini mwa India, kwa sababu wapambaji wengi wanadhani Wahindi wote wana bembea moja. Kwa Watamil hasa jamii za Kibrahmin, bembea inaitwa oonjal na ni ya siku yenyewe ya ndoa. Bibi na bwana harusi wanakaa pamoja, wanalishwa maziwa na ndizi, na wanawake wanaizunguka wakiwa na taa huku wakirusha madonge ya wali wa rangi pande zote kuondoa husuda. Ukimwekea mteja wa Kitamil ukuta wa maua nyuma ya bembea umeziba njia ya wale akina mama. Kwake acha nafasi ya kupita pande zote nne. Kwa Wagujarati ukuta wa nyuma hauna shida.

DodomaDekor
Nimekubali la Ganesh na la hina. Basi vipi tukichanganya: bandia juu kwenye boriti ya fremu, mabichi chini karibu na uso?

BintiMvita
Changanya, lakini siyo ua lile lile. Merigoldi ya plastiki ikikaa jirani na ya kweli inaumbuka, ile ya kweli ina vivuli vitatu vya chungwa ndani ya ua moja. Juu weka majani ya bandia au kitambaa, chini weka maua ya kweli. Na majani ya mwembe mabichi yapo bure kila mtaa, Wahindi wanayatunga kwenye toran, shada la kutundika mlangoni. Yatumie.

MpambajiUpanga
Mmenifungua macho, asanteni sana, na dada wa Nairobi zaidi. Nimeongea na mama mwenye shughuli: pithi itafanyika kwenye bajoth, bembea ni baadaye. Kwa hiyo siku ya kwanza ni merigoldi na majani ya mwembe. Usiku natoa yote, siku ya pili binti anapata vitambaa vyake vya waridi na kijani kwenye fremu, na asumini upande wa nje wa minyororo. Bandia nimeziacha. Na bembea ni ya Sankheda kweli, babu yao aliileta kwa meli.

Swali la mwisho: minyororo ni minne, kila mmoja mita 1.8. Nitunge mita ngapi, na nifunge kwa nini kama siyo selotepu?

MkaziWaAhmedabad
Ukizungusha shada kwenye mnyororo linakula kama nusu zaidi ya urefu, basi kila mmoja mita 2.7, jumla karibu mita 11. Ongeza ukingo wa mbele na akiba kidogo. Funga kwa uzi mnene wa pamba, kila baada ya pete chache. Waya usitumie, unakwaruza shaba na kunasa mitandio.

FundiChuma
Na fremu isimamishwe siku moja kabla. Wakae watu wanne wazito, wabembee, mimi nikague maungio na kulabu. Baada ya hapo ndiyo ulete ngazi na maua yako.