Kuh: Mechi ya hoki ya barafu itakayochezwa nje (viti na mavazi)

Ndugu zangu, salamu. Binti yetu anapiga tarumbeta kwenye bendi ya chuo chake, na mwezi ujao watatumbuiza kwenye mechi ya hoki ya barafu itakayochezwa nje, katika uwanja wa futiboli ya Kimarekani. Tunakwenda na wadogo zake. Tikiti bado hatujanunua. Mwenye uzoefu atushauri.

---

Dada, hongera sana kwa binti. Nendeni, tena mjae!

Viti vya chini msivikimbilie. Barafu ina urefu wa mita 61 hivi na huwekwa katikati ya uwanja, kwa hiyo hata aliye mstari wa mbele yuko mbali nayo, na ukuta unaoizunguka humkinga asione kinachotokea upande wake. Ukikaa juu unauona mchezo wote. Kile kisahani cheusi wanachokipiga kinakwenda kasi mno. Watazameni wachezaji, mtajua kilipo.

Baridi ya kukaa siyo baridi ya kutembea. Vipindi ni 3 vya dakika 20, lakini saa husimama kila mchezo unaposimama, halafu kuna mapumziko mara mbili. Hesabuni saa mbili na nusu au zaidi juu ya benchi la chuma. Chukueni blanketi la kukalia, na kipande cha boksi cha kuweka chini ya miguu, maana zege hunyonya joto hata kupitia soli ya buti. Soksi ni jozi moja nene ya sufu. Ukizipandanisha buti likabana, damu haipiti vizuri na vidole vinakufa ganzi. Watoto wasivae pamba karibu na ngozi, ikilowa jasho haikauki.

Simu iwe mfuko wa ndani, karibu na mwili. Betri huishiwa nguvu upesi kwenye baridi, na tikiti zenu zimo humo humo.

---

Naongezea kidogo. Mechi hizi hujaza watu kupita kiasi. Vyuo vikuu vya Michigan na Michigan State vilipocheza mjini Ann Arbor, Marekani, Disemba 2010, Guinness, wale wanaoandika rekodi za dunia, walithibitisha watazamaji 104,173 (Michigan walishinda 5-0). Kwa umati wa namna hiyo, watoto waende msalani kabla kipindi hakijaisha, la sivyo mtapanga foleni hadi mchezo uanze tena. Someni pia masharti ya mifuko: viwanja vingi vya vyuo hukataa mkoba usioonyesha vilivyomo.

Na kabla ya kulipia, muulizeni binti bendi itakaa upande gani. Nunueni upande wa pili, juu kidogo, mumwone akipiga.

---

Ahsanteni sana, nimemwandikia sasa hivi. Kuna mwenye buti za theluji za mtoto wa miaka saba za kutuazima?