Vipuri vidogo vya Peugeot 504 ya mwaka 1974: mnavipataje?

Mfufuaji504:
Ndugu zangu, ninaifufua Peugeot 504 ya mwaka 1974. Injini haikunitaabisha, kwani 505, iliyotoka mwaka 1979, ilirithi sehemu nyingi za mitambo yake. Kinachonikwamisha ni vitu vidogo: beringi ya alteneta inayolia, sili ya oili inayovuja, mipira ya silinda za breki, na klipu za plastiki za paneli za milango, ambazo hukatika ukizigusa tu. Wauzaji wa spea huniuliza namba ya kiwandani, ambayo sina, na nikitaja jina la gari wananiambia vipuri hivyo havipo tena. Mwenye uzoefu huanzia wapi?

Venia:
Ndugu, anza kwa kuacha kutaja jina la gari. Beringi na sili hazitengenezwi na kiwanda cha magari. Hununuliwa kwa watengenezaji wengine, ambao huziuza hizohizo kwa ajili ya pikipiki, pampu za maji na hata mashine za kufulia. Ioshe beringi kwa mafuta ya taa, kisha usome ubavuni mwake. Ikiandikwa 6203, basi tundu lake ni milimita 17, kipenyo cha nje ni 40 na unene ni 12, awe ameitengeneza nani. Alama ya 2RS baada ya namba maana yake ni kwamba imezibwa kwa mpira pande zote mbili.

Sili nayo hutajwa kwa vipimo vitatu, kwa mfano 35x52x7: shafti, tundu inamokaa, na unene. Kama maandishi yamefutika, pima shafti na tundu lenyewe, wala usiutegemee mpira uliochoka, kwa sababu huenda umevimba au umesinyaa. Duka la beringi litakufaa kuliko duka la spea za magari.

Mzee wa Breki:
Naafiki, ila kwa mipira ya breki vipimo pekee havitoshi. Mpira wa naitrili, unaostahimili petroli na oili, huharibika ukikaa ndani ya mafuta ya breki ya DOT 3 au DOT 4. Na ule unaofaa kwa breki, wa EPDM, huvimba ukiguswa na oili ya injini. Mipira miwili inaweza kulingana kabisa kwa umbo na mmoja wao ukakuacha bila breki. Pima kipenyo cha silinda, kisha ununue seti kamili iliyotengenezwa kwa ajili ya breki. Hali kadhalika bolti za sehemu zinazobeba uzito: ya zamani ikiwa na alama ya 8.8 kichwani, yaani daraja la uimara wake, usiweke isiyo na alama yoyote, hata kama inaingia vizuri.

Kerezo:
Klipu huchaguliwa kwa kipenyo cha tundu lililo kwenye bati la mlango, na za magari mengine mara nyingi huingia. Zikikosekana, tafuta gari linalochinjwa na ununue mlango mzima. Utapata humo springi, vishikio na skrubu ambazo hakuna anayeziuza mojamoja. Wapo wanaochapisha klipu kwa mashine za 3D, jambo ambalo mimi sina ugomvi nalo, mradi wasitumie plastiki ya PLA, maana hulainika ikifika takriban nyuzi 60 za Selsiasi, na gari lililofungwa vioo juani linaweza kufikia joto hilo kwenye dashibodi. Tumia plastiki ya ABS au nailoni. Vipande vilivyokatika usivitupe. Ndivyo vielelezo vyako.

Mfufuaji504:
Nawashukuru sana. Beringi nimeiosha, na imeandikwa 6303. Dukani wana 6203, nao wanasema tundu ni lilelile. Je, niichukue?

Venia:
Usiichukue. Tundu ni 17 kweli, lakini 6303 ina kipenyo cha nje cha 47 na unene wa 14, hivyo hiyo ya kwao itacheza ndani ya kikombe chake. Agiza 6303-2RS.