Kikundi: Wazazi wa Darasa la Tatu B, Muheza

Jumatatu

Mama Rehema, saa 1:10 usiku: Ndugu wazazi, nawasalimu nyote. Mwalimu wa darasa amenikabidhi ratiba ya Alhamisi, siku ambayo tumekaribishwa kuketi darasani na kuona watoto wetu wanavyofundishwa. Mstarini ni saa 1:30 asubuhi. Hisabati inaanza saa 2:00 na ina vipindi viwili, kisha Kiswahili hadi saa 4:00, halafu uji. Saa 4:30 wanaingia Sayansi, baadaye Jiografia na Mazingira, na mwisho Sanaa na Michezo hadi saa 6:30 mchana. Kila kipindi ni dakika 40. Kwa kuwa watoto ni 74 na madawati hayatoshi, napendekeza tugawane vipindi, wazazi sita kwa kila kimoja, na kila kundi lilete zana za somo lake. Naomba majina kabla ya saa 3:00.

Mama Rehema, saa 2:55 usiku: Ujumbe umesomwa na watu 41, na jina pekee nililonalo ni langu mwenyewe.

Baba Juma, saa 2:58 usiku: Niandike kwenye Sanaa na Michezo. Mimi na Hisabati tuliachana kwa amani tangu darasa la tano, na sioni sababu ya kufufua ugomvi huo mbele ya mwanangu.

Mama Rehema, saa 3:01 usiku: Baba Juma, nimekuandika Hisabati, kwa sababu wewe ndiye mwenye shamba. Mwalimu anafundisha sehemu na anahitaji machungwa 20, ambayo yakikatwa yanatoa robo 80. Kila mtoto atashika robo yake, ataiunganisha na ya jirani yake, waione nusu kwa macho kabla ya kuiandika kwenye daftari.

Baba Juma, saa 3:04 usiku: Machungwa nitaleta. Mwaka jana pia nilileta, na jioni nilipomuuliza mtoto amejifunza nini, alinijibu kwamba yalikuwa matamu.

Mama Zawadi, saa 4:20 usiku: Samahanini kwa kuchelewa, nimetoka gengeni sasa hivi. Nimeisoma ratiba mara mbili na sikuona Maarifa ya Jamii, somo ambalo dada yake Zawadi alilisoma alipokuwa darasa hilohilo. Je, limefutwa?

Mama Rehema, saa 4:26 usiku: Ndiyo, dada yangu. Mtaala mpya ulipoanza Januari 2024, darasa la tatu lilikuwa miongoni mwa madarasa ya kwanza kuupokea. Sasa kuna Jiografia na Mazingira, na kuna Historia ya Tanzania na Maadili, ambayo Alhamisi haimo. Siku hiyo watatoka nje, watanyoosha mkono wa kulia kule jua linakochomoza ili kaskazini iwe mbele yao, kisha watapima kwa hatua umbali wa kutoka mwembeni hadi ofisini na kuchora ramani ya uwanja.

Baba Asha, saa 4:40 usiku: Kabla hatujachora ramani ya uwanja, naomba ichorwe ramani ya kutuonyesha sufuria ya uji ilipo. Kila mzazi alitoa shilingi 2,000, tukanunua sufuria kubwa pamoja na mfuniko wake, ikapikiwa muhula mmoja, ikaazimwa kwenye shughuli ambayo wote tunaifahamu, na tangu siku hiyo watoto wanapikiwa uji kwa awamu mbili. Wa awamu ya pili huingia Sayansi midomo ikiwa bado ina uji, na mwalimu ameshafika katikati ya somo.

Baba Juma, saa 4:43 usiku: Huenda sufuria ilifaulu ikachaguliwa kwenda shule ya bweni.

Mama Rehema, saa 4:45 usiku: Naomba tusitoke kwenye masomo. Nahitaji makopo matupu kwa ajili ya Sayansi. Tangu Ijumaa yapo maharage juu ya pamba katika makopo mawili, moja lenye maji na jingine kavu, na Rehema kila jioni ananieleza urefu wa mzizi kwa kunionyesha kucha ya kidole kidogo. Nahitaji pia udongo wa mfinyanzi debe moja. Nani ataleta udongo?

Jumanne

Babu Mwalimu, saa 12:15 asubuhi: Wanangu, nimesoma yote. Niliingia darasani mwaka 1978 nikiwa mwalimu wa UPE, ule mpango wa elimu ya msingi kwa wote, mwenye elimu ya darasa la saba na mafunzo ya redio, na katika miaka yangu yote ya kazi wazazi walikuja darasani kwangu kwa sababu moja tu, nayo ni mtoto kuchapwa. Sasa mmeitwa kwa heri, nanyi mnagawana vipindi kama zamu ya kuchota maji. Mtoto niliyemwona mzito saa mbili, wakati wa Hisabati, ndiye aliyekuwa akitega kitendawili saa tatu na nusu darasa zima likamwambia, «Tunakupa mji», na ndiye aliyefinyanga ng'ombe mwenye nundu saa sita. Mzazi atakayeingia kipindi kimoja akatoka, atarudi nyumbani na mtoto nusu. Kaeni mpaka kengele ya mwisho. Kuhusu sufuria, mimi ninajua ilipo, na aliye nayo anajua kwamba ninajua.

Mama Rehema, saa 2:40 asubuhi: Shikamoo Mwalimu. Tumekuelewa. Orodha ya vipindi naifuta, ingawa sijui tukija wote tutaketi wapi.

Babu Mwalimu, saa 2:52 asubuhi: Marahaba. Chukueni mikeka, mkae nyuma.

Mama Zawadi, saa 8:05 mchana: Mwalimu, shikamoo. Mimi nitakaa mpaka saa nne tu, kisha nirudi gengeni. Naomba mtu anitazamie Zawadi kwenye ufinyanzi.

Baba Juma, saa 8:30 mchana: Nitamtazama mimi, maana naona na Hisabati sina pa kuikimbilia. Nitaleta machungwa 30, kumi yakiwa ya kuliwa.

Mama Rehema, saa 2:00 usiku: Ahsanteni. Mikeka nimeahidiwa miwili. Udongo bado.

Jumatano

Mama Rehema, saa 12:50 asubuhi: Mlinzi amenipigia simu kwamba sufuria imekutwa kwenye baraza la ofisi, na hakuona aliyeiweka. Imesuguliwa vizuri. Mfuniko haupo.

Baba Asha, saa 12:53 asubuhi: Mfuniko nao tuliuchangia.

Mama Rehema, saa 1:30 asubuhi: Nauliza tena kuhusu udongo.