Harusi ya shambani Uskoti mwezi wa sita: mwanga, kilti na ngoma za ghalani

Jicho_la_Leeds

Wakuu, habari za jioni. Binti ya shangazi anaolewa na Mskoti katikati ya Juni, shambani karibu na Aberfeldy, Perthshire. Ni harusi ya kujiachia: kiapo kwenye nyasi saa nane mchana, chakula ndani ya ghala saa kumi na moja, keili (ngoma zao za kucheza kwa makundi) kuanzia saa mbili usiku. Bwana harusi na wapambe wake wanne watavaa kilti (sketi ya mikunjo ya wanaume wa Kiskoti). Hawataki kupangwa-pangwa wala kupozi kutwa nzima.

Nimezoea kumbi, ambako MC anaendesha ratiba na taa za video zinawaka muda wote. Hapa sina MC wala taa. Nina kamera mbili, lenzi ya 24-70 f/2.8, 35 f/1.8, 85 f/1.8, na fleshi tatu zenye kifyatulio cha redio. Naomba msaada kuhusu mwanga na ratiba, mambo ya kilti nisiyoyajua, na namna ya kupiga watu wakicheza ghalani.

---

Tay_na_Pangani

Hongera kwa bibi harusi. Anza na jua, maana litakuvuruga kama mwili wako bado unahesabu machweo ya saa kumi na mbili na nusu. Aberfeldy katikati ya Juni jua linazama baada ya saa nne usiku, tena kaskazini-magharibi, si magharibi. Saa nane mchana liko kusini kwenye mwinuko wa nyuzi kama 56. Kwa mwanga huo macho yanageuka mashimo na gauni jeupe linaungua, yaani linakuwa jeupe tupu bila nakshi.

Ongea na maharusi mapema kuhusu mahali pa kiapo. Panapofaa ni ndani ya kivuli kizima cha mti au ukuta. Kivuli chenye madoa-madoa ya jua kikwepe kabisa: doa moja la jua kwenye shavu halihaririki. Kama hakuna mti, maharusi wasimame jua likiwa mgongoni mwao, nawe upime mwanga kwenye nyuso. Uskoti sheria inampa kibali mfungishaji ndoa, haikulifunga jambo kwenye jengo, ndiyo maana ndoa hufungwa kando ya mto au kwenye malisho. Kusogea mita ishirini kufuata kivuli hakuna shida, mradi mfungishaji anajua kabla viti havijapangwa.

Mwanga mtamu unaanza saa mbili kasoro usiku. Saa mbili kamili jua liko nyuzi 13 hivi, saa mbili na nusu nyuzi 10, saa tatu nyuzi 6. Ila Perthshire ni mabonde. Fika jana yake, nyosha mkono upande wa kaskazini-magharibi na uweke ngumi juu ya upeo wa macho: ngumi moja ni nyuzi kama kumi. Kilima kikifika juu ya ngumi, jua lako limekwisha saa mbili na nusu, hata kama simu inasema machweo ni saa nne. Mimi ningewatoa maharusi saa mbili kasoro robo, dakika kumi na tano tu, kabla ya keili. Ukisubiri wacheze kwanza utawapata wamelowa jasho, na bwana harusi kilti imekaa upande.

Picha za familia: makundi yasizidi manane, dakika tatu kila kundi, mara tu baada ya kiapo, kabla watu hawajatawanyika na glasi zao. Orodha isomwe na ndugu mwenye sauti anayewajua watu kwa majina, mmoja wa kila upande. Hili ndilo linaloiacha siku iliyobaki iwe ya kujiachia kweli. Mpiga picha asiyepanga hizi dakika 25 hujikuta anawafukuza mashangazi mpaka jioni. Kwa safu mbili za watu tumia f/5.6 au f/8 (tundu la lenzi dogo zaidi, ili safu zote zionekane wazi).

Na usubi. Pale wapo tele Juni, wanatoka jioni, penye unyevu na kivuli, pasipo upepo, yaani saa ileile ya mwanga mtamu. Upepo ukizidi kilomita 11 hivi kwa saa hawaruki, kwa hiyo wapige maharusi kwenye mwinuko unaopitisha upepo, si ukingoni mwa mto chini ya miti. Dawa ya kujipaka iwe ya picaridin, kama Smidge. Yenye DEET huyeyusha plastiki na mpira, na kamera utaishika kwa vidole hivyohivyo.

---

Mikunjo_Nyuma

Mkuu, nikujibu upande wa kilti.

Upande wa mbele ni bapa, mikunjo yote iko nyuma. Kilti kamili hula takriban mita saba za kitambaa, na kazi ya fundi imelala kwenye ile mikunjo. Kwa hiyo piga na migongo: bwana harusi na wapambe wanne wakitembea kuelekea nyasini, mikunjo ikipepea, kasi ya shata (mlango wa kamera) 1/500 ya sekunde.

Kabla ya picha ya kwanza, kagua mambo haya. Pindo la chini lifike katikati ya goti. Ncha ya kitambaa yenye nyuzi iwe upande wa kulia wa mvaaji, na pini yake ishike tabaka la juu peke yake, kwa sababu ikishika yote mawili kilti haifunguki mtu akipiga hatua na kitambaa huchanika. Mkoba wa mbele, sporani, uning'inie katikati, chini ya kifungo cha mkanda kwa upana wa kiganja. Wengi huusukuma kiunoni wakicheza au wakiendesha gari na kusahau kuurudisha. Kisu kidogo hukaa ndani ya soksi ya kulia kwa anayetumia mkono wa kulia, kishikio tu kikionekana. Vile vitambaa vidogo vya rangi vinavyotoka chini ya mkunjo wa soksi vitazame nje ya mguu.

Usigeuze picha kama kioo wakati wa kuhariri. Ncha ikihamia kushoto, kila Mskoti ataona kwamba bwana harusi amevaa sketi ya kike.

Wakikaa ni hatari, hasa ukipiga kutoka chini. Waambie mapema: wapapase mikunjo kwa nyuma wakati wa kukaa, magoti yakaribiane, sporani ishuke katikati ya mapaja. Wewe shusha kamera hadi usawa wa kifua, si chini ya hapo. Penye upepo usipige magoti mbele yao.

Harusi ya aina hii koti huwa la twidi (kitambaa kizito cha sufu). Twidi yenye vimistari vidogo na tartani (kitambaa cha miraba cha Kiskoti) ya miraba midogo hutoa mawimbi ya rangi ya kijani na pinki kwenye sensa, na mara nyingine mawimbi hujitokeza kwenye skrini pekee picha ikipunguzwa. Kuza hadi asilimia 100 kabla ya kuogopa. Yakiwepo kweli, sogea hatua moja mbele au nyuma upige tena. Kuyaondoa kwenye programu hufifisha rangi halisi za tartani, na kwa familia ile rangi hizo zina maana.

Mpiga zumari la mfuko ana mirija mirefu juu ya bega la kushoto na mfuko chini ya kwapa la kushoto, hivyo uso wake uko wazi zaidi ukisimama mbele, upande wake wa kulia. Akianza kupiga hakuna atakayekusikia, basi kubalianeni ishara za mkono.

---

Jicho_la_Leeds

Asanteni sana, hayo ya ncha na pini sikuwa na habari nayo. Swali la nyongeza: bibi harusi ni mweusi hasa, bwana ni mweupe wa kuungua jua. Wakisimama pamoja nafanyaje? Na mvua?

---

Mwavuli_Safi

Kaka, kosa kubwa ni kuongeza mwanga wa picha nzima ili bibi harusi aonekane: bwana anapauka na gauni linapoteza nakshi zake. Tatua kwa kuwapanga. Bibi harusi akae upande wa karibu na chanzo cha mwanga, uso umeelekea huko, bwana awe nusu hatua nyuma. Ngozi nyeusi inapendeza kwa mng'ao wa mwanga mpana unaotoka pembeni, kama mlango wa ghala uliofunguliwa wazi, au wingu. Piga RAW (faili ghafi la kamera), pima ili gauni lisiungue, kisha inua vivuli kidogo. Usiifanye ngozi yake iwe ya kijivu kwa kupunguza wekundu ili kumpoza bwana harusi. Hariri nyuso mbili kila moja kivyake.

Kwenye nyasi na chini ya miti, kijani hudunda chini ya kidevu. Acha mizani ya rangi karibu na 5300K (kipimo cha joto la rangi) na usogeze kuelekea majenta kidogo, ukitazama weupe wa macho yake.

Mvua usiiombee iishe. Nunua miavuli minne ya plastiki angavu. Mwavuli mwekundu au wa kijani humwaga rangi yake usoni. Ikinyesha jioni, weka fleshi mita mbili nyuma yao, kimo cha kiuno, nguvu 1/8, ikitazama kwenye lenzi yako lakini imefichwa na miili yao. Matone yatawaka kama shanga. Fleshi ivalishwe mfuko wa plastiki.

Beba vitambaa vya kufutia lenzi vitano, kila kimoja mfuko wake. Tone moja kwenye 35mm halionekani kwenye skrini ya nyuma, linaonekana nyumbani kama duara la ukungu juu ya uso wa mtu, katika picha mia mbili mfululizo. Ukitoka kwenye baridi na kuingia ghala lililojaa watu, lenzi hushika ukungu: funga kamera ndani ya mfuko wake dakika 20, au acha kamera moja ndani tangu mapema.

Bibi harusi akikaa juu ya ukuta wa mawe, tandika mfuko mkubwa wa taka chini ya gauni na ulishushe juu yake. Kuta nyingi za kule hazina saruji, mawe yamepangwa tu. Lijaribu jiwe kwa mkono wako kwanza, na likitikisika usimpandishe mtu.

---

Fleshi_Pembeni

Ghala sasa. Dari ni mbao nyeusi na iko juu, kwa hiyo fleshi ya kudunda kwenye dari haifanyi kazi: mwanga unamezwa, na kilichobaki kinarudi cha rangi ya chungwa. Weka fleshi mbili pembe zinazokabiliana, kimo cha mita 2.5 au zaidi, nguvu 1/16, stendi zifungwe kwenye nguzo au ziwekwe mifuko ya mchanga. Keili si dansi ya kuyumba. Watu wanarushana, stendi isiyofungwa itaanguka.

Fokasi usiiachie kamera. Kwenye 24mm, f/5.6, fokasi ya mkono kwenye mita 3, kila kitu kuanzia mita 1.6 hadi zaidi ya 20 kiko sawa. Bandika utepe wa gundi kwenye pete ya fokasi isisogee. ISO (wepesi wa sensa kuhisi mwanga) 1600, shata 1/15, fleshi iwake mwisho wa mfichuo (shata ikikaribia kufunga), ili mkia wa mwendo ubaki nyuma ya mchezaji.

Mwita-ngoma (anayetangaza hatua) hufundisha hatua kila ngoma kabla muziki haujaanza, watu wanatembea polepole. Tumia dakika hizo kupima fleshi na kuona nani anaelekea wapi. Kwenye ngoma ya Strip the Willow ya safu mbili ndefu, kila jozi inaanzia mwanzo wa safu na kushuka ikizunguka, basi simama mwisho wa safu, mita moja na nusu nje, wakujie. Kwenye ngoma ya Dashing White Sergeant watatu wanakabili watatu. Subiri wanapoinua mikono na wenzao kupita chini yake. Inarudi kila mzunguko wa ngoma, wa vipimo (bars) 32 vya muziki, ukikosa moja nyingine inakuja.

---

Tay_na_Pangani

Nakubali yote ya Fleshi_Pembeni isipokuwa 1/15 saa mbili usiku. Juni nje bado ni mchana, na milango ya ghala itakuwa wazi. Kwa 1/15 mwanga wa mlangoni utaandika watu mara mbili: uso mmoja mkali wa fleshi na mwingine wa kivuli juu yake, macho manne. Mpaka saa nne na nusu piga 1/160, ISO 800. Giza likiingia ndipo ushuke 1/30, halafu 1/15.

---

Fleshi_Pembeni

Sawa mkuu, hiyo ni kweli kwa Juni. Vipimo vyangu ni vya ghala lenye giza.

---

Mikunjo_Nyuma

Niongeze mawili yanayopita haraka. Wakifungana mikono (desturi ya kuwafunga maharusi mikono pamoja kwa kamba), kamba mara nyingi huwa ya tartani, na wengine huisuka pamoja na ukanda wa khanga. Fundo hukazwa wanapovuta mikono kwa pamoja, sekunde mbili tu. Tumia 85mm, f/2.8, shata 1/250, ukiwa upande wa pili wa mfungishaji ili mgongo wake usikuzibe. Baadaye huja kweiki, kikombe cha wiski chenye vishikio viwili: kinapopita mkono kwa mkono, picha iko kwenye uso wa anayesubiri.

Hati ya ndoa husainiwa palepale na maharusi, mfungishaji na mashahidi wawili. Ina anwani zao. Piga mikono na nyuso, na usiweke mtandaoni picha inayosomeka. Karatasi ikilowa ni balaa, kwa hiyo ubao wenye kibanio uwe karibu.

Mwisho wa usiku, wakiimba Auld Lang Syne (wimbo wa kuagana), wote hushikana duara, mikono hupishana kwenye ubeti wa mwisho, kisha duara zima linakimbilia katikati. Uwe tayari juu ya kiti imara ukingoni, 24mm, shata 1/60, na mtu akishikilie kile kiti.